Mwanamke Chini ya Uso wa Mfalme

Kavira, mwanangu,

Ni saa tisa za mchana. Umeenda mtaa wa Vulamba kuaga wenzako wa kwaya, na mama yako yuko nyuma ya nyumba anakukaangia samaki wa kula njiani. Nimefunga nusu mlango wa magazini, duka langu la saa, watu wafikiri nimetoka. Kesho asubuhi gari litakufikisha Beni, na kutoka Beni ndege itakupeleka Kisangani, chuoni. Mambo ya chandarua, ya maji ya kunywa, ya wasichana wanaoazima nguo wasirudishe, mama yako anakuambia tangu juma lililopita, na ninavyomjua hajamaliza. Mimi sitaongeza kitu hapo. Nina jambo moja, nimekaa nalo miaka minne. Siku za kukuambia zilikuwepo nyingi. Mimi ndiye niliyeziacha zipite.

Ni juu ya baba yako, yule aliyekuzaa. Unajua alikuwa kaka yangu mkubwa, Mumbere, na unajua alikufa kule Kamango siku watu wenye silaha walipoingia, wewe ukiwa na miaka sita. Hayo nilikuambia. Sikukuambia kwamba alipokufa, mimi na yeye tulikuwa hatusemeshani tangu miaka saba. Kosa lilikuwa langu, na lilianzia kwenye ile sarafu ya shaba unayoijua.

Babu yako alikuwa mpishi wa mapadri huko upande wa Luofu. Padri mmoja mzee, Mbelgiji, siku alipokuwa anarudi kwao kwa ajili ya uzee, alimwachia sarafu ile iwe ukumbusho. Alisema aliiokota akiwa mtoto, baba yake akilima shamba, na kwamba ilikuwa ya Waroma wa kale, wale wa Pilato. Babu yako hakuwa mtu wa mali. Alikuwa na shamba la viazi, rozari na ile sarafu.

Nilipokuwa na miaka saba alilala kwa ugonjwa, hakuinuka tena kitandani. Asubuhi moja aliniita, akaitoa chini ya mto, akaniwekea mkononi. Nilikwenda nayo dirishani. Jua lilikuwa ndiyo linatokea nyuma ya kilima, linapiga kwa ubavu, na pale kwenye shaba nikamwona mwanamke. Alitazama upande mmoja. Pua yake ilikuwa imenyooka, nywele zake zimefungwa fundo kisogoni. Nikamwambia babu yako, "Papa, huku kuko mwanamuke." Alikuwa hana nguvu za kuinuka aangalie. Alisema tu, "Kama unamuona, ni wako." Siku chache baadaye tulimzika, na sarafu ikaenda kwa Mumbere, kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Sikuishika tena. Lakini yule mwanamke nilikua naye. Nikimkumbuka baba yangu, ninamkumbuka na dirisha lile na uso ule.

Nilijifunza kazi ya saa. Unajua kazi hii inavyofanya mtu ajiamini macho. Wengine wanaona vumbi, mimi ninaona jino la gurudumu limevunjika. Watu wa hapa Butembo walikuwa wanasema macho ya Kambale hayakosei, na mimi nikawa nasema hivyo pia.

Kisha mama yetu akafa. Siku ya tatu ya matanga tulikaa uani, wajomba, majirani, watu wa kanisa, na mimi nikamwomba Mumbere aniletee sarafu ya baba niitazame. Ilikuwa saa sita, jua liko utosini. Aliniletea. Nikaona mwanaume mwenye ndevu, na taji lenye miiba kama miale ya jua. Nikageuza, nikaona mashua yenye makasia. Nikageuza tena. Mwanamke hakuwepo.

Mwaka ule kulikuwa na mtu amepita Butembo akinunua vitu vya kale, vinyago, shanga, feza za zamani. Na Mumbere alikuwa amepata pikipiki mpya. Nilijumlisha hayo mawili kichwani, sikumuuliza mtu. Nikasema mbele ya wote:

"Hii hapana ya papa. Ile ya papa ilikuwa na mwanamuke. Uliiuzisha, ukatuletea hii."

Akasema polepole, "Kambale, ni ile ile. Angalia tena."

"Niliisha kuangalia."

"Angalia tena, mudogo yangu."

Nikamwambia, "Uliuzisha papa."

Kavira, neno hilo nililisema mama yetu akiwa na siku mbili tu kaburini. Kama Mumbere angenipiga, labda tungekuwa tumepatana jioni ile ile. Hakunipiga. Alichukua sarafu pale mezani, akaipangusa kwenye suruali yake, akaitia mfukoni. Kabla ya mwezi kuisha akahama na mama yako aliyekuzaa kwenda Kamango kulima kakao, kwa sababu ukoo wa mama yako ulikuwa na mashamba huko. Mimi nikawaambia watu kwamba mwenye kosa hukimbia. Ile pikipiki wakwe zake ndio waliompa, ya kubebea kakao. Nilikuja kulijua hilo wakati halikunisaidia tena kitu.

Ulizaliwa huko, sikwenda kukuona. Ulipokuwa na miaka miwili mama yako huyo alikufa kwa homa, na hata matanga yake sikuhudhuria. Nilimtuma mtu na sabuni na mchele, kama mtu anavyomfanyia jirani wa mbali. Mama yako wa hapa, mke wangu, alinililia niende. Nilimwambia nina saa nyingi za watu mezani.

Halafu, ulipokuwa na miaka sita, aliingia hapa magazini dereva mmoja wa Beni aliyekuwa anapakia kakao ya Kamango, Saidi, Muislamu mpole aliyekuwa ananiletea saa zake. Aliniwekea mezani saa iliyokatika mkanda, akasema kaka yangu mkubwa ananisalimu, na amemtuma neno, na amemfanya alirudie mara mbili ili asilikosee. Neno lilikuwa hili, la kuniita: "Mwambie mudogo yangu, ule mwanamuke niliisha kumuona. Akuye tumuangalie pamoja."

Nilisikia dhihaka. Niliona kwamba amewasimulia madereva wote, wanacheka huko parking, kwenye kituo cha magari, juu ya fundi wa saa na mwanamke wake wa shaba. Nikaangusha msumari mdogo wa mkanda ule, na hatukuuona tena. Nikamwambia Saidi asiniletee maneno ya mtu yule siku nyingine. Aliniangalia kwa huzuni, akaenda na saa yake bila mkanda.

Hayakupita majuma manne, tukasikia habari za Kamango.

Nilikwenda Beni siku ile ile. Siku mbili nilizunguka kwenye shule na makanisa walikolala waliokimbia, nikiuliza jina la Mumbere. Siku ya pili nilikutana na mtu aliyemjua. Alisema walimkuta shambani asubuhi, yeye na wengine, na kwamba waliobaki waliwazika pamoja kwa haraka kabla ya kukimbia, hakuna aliyeweka alama. Nikauliza juu ya mtoto. Hakujua.

Majuma mawili baadaye Mama Katungu aliingia hapa nawe. Ulikuwa umevaa sweta ya mtu mzima, mikono imekunjwa mara tatu. Alikuwa jirani yenu. Siku ya mauaji alikuwa amekwenda nawe soko la Nobili, ndiyo maana uko hai. Mlivuka mpaka mkaingia Uganda, mkarudi kwa kuzunguka Kasindi. Alikuketisha kwenye kiti cha wateja, akafungua pembe ya kitenge chake, akaweka sarafu mezani kwangu. Akasema, "Baba yake alisema hii ni yako."

Sasa nakuandikia jambo linaloniumiza kuliko yote. Ndugu yangu amekufa, sikumzika. Mtoto wake yuko mbele yangu, macho yamevimba. Na moyo wangu ukasema: anairudisha, basi amekubali kosa. Nikajiona nimeshinda. Haikudumu hata dakika moja, lakini ilikuwepo, na mimi ninajua ilikuwepo.

Mama Katungu alitaka kuendelea kusema. Nilimwambia apumzike kwanza, ale. Kesho yake alikwenda kwa jamaa zake Beni, na sikumzuia. Sarafu niliitupa kwenye droo ya chini, pamoja na saa zilizokufa, bila kuiangalia. Ilikaa humo miaka tisa. Kila siku ya miaka hiyo nilikuwa na lupu jichoni, kioo kinachoonyesha hata unywele uliolala kwenye saa, na kila siku droo ile ilikuwa chini ya goti langu.

Kisha ukaja wewe.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Padri aliyewafundisha historia aliwaomba kila mmoja alete kitu cha zamani kutoka nyumbani. Ulifungua droo bila kuniuliza, ukaichukua, ukachukua na lupu yangu ya akiba. Nilisikia kwa mama yako jinsi ulivyohangaika nayo. Sonara wa karibu na soko alikuambia ni medali ya kanisa iliyoharibika mashineni. Padri mwenyewe kwanza alisema ni ya bandia, kwa sababu maandishi ya pembeni hayakusomeka: upande mmoja yanakwenda sawa, halafu zinaingia herufi tatu ambazo si za neno lolote. Mtu mwingine angeirudisha kwenye droo. Wewe uliweka karatasi juu yake, ukasugua kwa kalamu ya risasi, ukafanya hivyo mara nyingi, ukimulika kwa tochi kutoka pembeni, mpaka siku uliyoigeuza karatasi juu chini ili uifute, na zile herufi tatu zikasomeka.

Jioni ile uliingia hapa unahema. Ulisema, "Papa, hapana feza moya. Iko mbili."

Ukanieleza kama mwalimu. Ulisema mwenye ndevu alikuwa mkubwa wa jeshi aliyejikatia ufalme wake upande wa Ufaransa na Ubelgiji ya leo. Alitaka feza zenye uso wake upesi, na kutengeneza shaba mpya kulimchelewesha. Basi watu wake waliokota sarafu za wafalme waliotangulia, wakazipasha moto, wakapiga uso wake juu ya zile nyuso za zamani. Nyundo ikipiga sawa, ya kwanza inafutika. Ikiteleza kidogo, inabaki chini. Jina la mfalme huyo ulilitaja, na mimi sikulishika, kwa sababu hapo ulikuwa umeweka karatasi mbele yangu na unaizungusha. Ulisema aliyebaki chini alikuwa mke wa mfalme mwingine, aliyekufa karibu miaka mia moja kabla ya huyo mwenye ndevu. Ukanionyesha kwa kidole: ile mikwaruzo nyuma ya shingo ya mfalme ni pua yake, na uvimbe ule mbele ya ndevu ni fundo la nywele. "Ukimuangalia huyu, yule anakuwa juu chini," ulisema. "Lazima ugeuze. Na jua ling'ae kwa ubavu."

Nikamwona. Miaka zaidi ya thelathini, na alikuwa yule yule.

Niliinuka nikatoka nje, nikasimama upande wa ukuta. Ulifikiri nimekasirika kwa ajili ya lupu. Ulikuja nyuma ya mlango ukaniomba radhi, ukasema hutachukua tena kitu bila ruhusa. Wewe, mtoto wa Mumbere, ukaniomba radhi mimi. Nilijibu kwamba si kitu, kwamba vumbi limeniingia jichoni. Hukujua ulikuwa umefanya nini. Ulikuwa umemtolea baba yako ushuhuda, mbele ya mtu aliyemhukumu.

Juma lile nilimwambia mama yako nakwenda Beni kutafuta betri za saa. Nilimtafuta Mama Katungu. Nilimkuta anauza maharage mbele ya nyumba ya shemeji yake, amezeeka, lakini alinitambua kabla sijasema jina. Alinisogezea kibao nikakaa. Akaniambia yale ambayo miaka tisa kabla sikumpa nafasi ya kuyasema.

Alisema mwaka wa kwanza Mumbere alikuwa na hasira nyingi, hakutaka jina langu litajwe nyumbani. Halafu hasira ilimtoka, na likabaki swali. Akawa anaitoa sarafu jioni, anaikagua. Mama Katungu alimuuliza anatafuta nini. Akasema anatafuta mwanamke. Yule mama alicheka, akamwambia ndugu yako alikutukana tu, hakuna mwanamke. Baba yako akamjibu maneno ambayo mama yule aliyakumbuka yote, na mimi niliyaomba mara mbili:

"Kambale hapana mutu wa kusema bongo, hapana mutu wa uongo. Kama alisema kuko mwanamuke, kuko mwanamuke. Ni mimi sijamuona."

Aliitafuta hivyo kwa miaka. Aliisugua kwa mafuta, akaitazama kwa taa, akaitazama ndani ya maji. Asubuhi moja alikuwa mlangoni ananyoa ndevu, sarafu iko kwenye kibao karibu na sabuni, imekaa juu chini, na jua la mapema likaipiga. Alikimbia kwa Mama Katungu na povu usoni, akimwita aje aone. Mama yule hakuona kitu, aliona mikwaruzo. Mumbere hakujali. Siku ile ile alimtafuta Saidi, akampa lile neno. Kisha akangoja. Niliponyamaza, alimpa Mama Katungu sarafu, siku moja kabla ya soko la Nobili, amwombe mtu wa Butembo aniletee, akasema, "Kama yeye hapana kuya, basi iende yenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Yeye aliamini macho yangu miaka saba, huku mimi nimemwita mwizi. Mimi sikuamini maneno yake hata kwa muda wa kugeuza sarafu mkononi.

Nimejiuliza sana nilipotea wapi. Kama ningekuwa nimekosea kuona, ningeweza kujisamehe kidogo; mtoto wa miaka saba, baba anakufa, mtu anaweza kuota. Lakini nilichokiona kilikuwepo. Nilikuwa na haki, na haki hiyo ndiyo iliyonifunga masikio. Sikufikiri hata siku moja kwamba kaka yangu naye anaweza kuwa na haki, juu ya kitu kile kile, wakati ule ule. Huko unakokwenda utasoma na watu wenye akili. Wewe mwenyewe una macho makali, nimekuona. Mara nyingi utakuwa na haki kweli. Sina la kukufundisha hapo zaidi ya kukuonyesha mimi, fundi wa saa wa Butembo, na haki yake.

Sarafu nimeishonea kwenye mfuko mdogo wa ndani wa begi lako, upande wa vitabu. Ilikuwa ya baba yako, na mimi niliishika kama yangu. Uitunze, uiuze, uwaonyeshe walimu wako, ni juu yako. Sikuandikii ili unisamehe. Ukiwa na hasira, iache ikae muda inaohitaji, kwa sababu yeye hakupata nafasi ya kunionyesha ya kwake. Mama yako wa hapa hana kosa lolote katika haya. Yeye mwandikie hata kama mimi hutaniandikia.

Limebaki moja, na ni dogo, lakini nimeona nisikufiche hata hilo. Siku Mama Katungu alipokuleta, ulipomaliza kula, uliniangalia kwa muda mrefu. Ulisema kwamba baba yako alikuwa anatandika kitanda cha mgeni, anasema mdogo wake anakuja, na kwamba kila Jumamosi mlikwenda barabarani kuangalia magari yanayotoka Beni. Ukaniuliza kwa nini sikuja. Nilikujibu kwamba barabara ilikuwa mbaya, mvua imeharibu madaraja. Ulikubali, ukalala.

Haikuwa mbaya, Kavira. Mwezi ule mvua haikunyesha. Magari yalikuwa yanapita kila siku.

Mdogo wa baba yako,
Kambale